Mafua Yasiyokwisha: Unga wa Maua ya Miti na Afya ya Mchumaji



Kila msimu wa karafuu huletwa ofisini kwetu malalamiko ya namna moja. Mwanachama mmoja husema kwamba wachumaji wake wawili watatu wameacha kazi kwa mafua yasiyokwisha. Mwingine husema mkewe hawezi kufyeka majani chini ya mikarafuu bila ya kupiga chafya mfululizo na macho kumvimba. Wa tatu huuliza kama ni kweli kwamba ua la mkarafuu lina sumu. Mwaka huu tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu, kwani lina hasara ya namna mbili. Hasara ya kwanza ni siku za kazi zinazopotea. Ya pili ni kubwa zaidi: dawa ambayo wengi wetu hununua dukani kwa mafua ya namna hii huleta usingizi, na kazi yetu ni ya kupanda miti ya futi 30 na 40.

Tunalotaka kila msomaji alishike ni hili: kabla ya kuulaumu mkarafuu, na kabla ya kumeza kidonge, ujue kwanza kinachokusumbua ni kitu gani.

MZIO NI NINI?

Mti ukitoa maua, katika sehemu za kiume za maua yake hutoka unga mwembamba sana. Watu wengine huuita mbelewele, na vitabu vya siku hizi huuita chavua. Kazi ya unga huo ni kufika kwenye sehemu ya kike ya ua ili tunda lipatikane. Punje zake ni ndogo mno. Za miti mingi ni ndogo hata punje 30 zikipangwa mstari mmoja hazizidi urefu wa milimita moja. Kwa hiyo mtu huzivuta puani wala asizione.

Kwa watu wengi unga huu hauna dhara lolote. Lakini wako watu ambao miili yao huudhania kuwa ni adui. Mfano wake ni mlinzi wa shamba aliyemwona mgeni mwema usiku, akamdhania mwizi, akapiga kelele mpaka kijiji kizima kikatoka na marungu. Mgeni hakuiba kitu, ila kelele na marungu ndiyo yaliyoleta maumivu. Katika mwili, kelele hizo ni maji maji yaitwayo histamini. Hayo ndiyo yanayowasha pua, yanayofanya macho kuwa mekundu, na yanayoleta chafya na makamasi. Hali hii ndiyo iitwayo mzio.

Mzio hauambukizi. Mtu hawezi kuupata kwa kulala chumba kimoja na mwenye nao wala kwa kunywea kikombe chake. Mara nyingi hufuata ukoo: mtoto ambaye baba au mama yake ana pumu, au ana ukurutu wa ngozi tangu utotoni, yu karibu zaidi na mzio kuliko wengine. Tena huweza kuanza ukubwani. Mtu aweza kukaa na miti ile ile miaka 20 bila ya tabu, kisha mwili ukaanza kuikataa. Kwa sababu hiyo wako wanaodhani wamerogwa au wamepatwa na husuda. Sivyo. Ni mwili wenyewe uliobadilika.

MITI IPI YA KUTUHUMIWA?

Maua ya miti hupeleka unga wake kwa njia mbili kubwa. Yako yanayotumia nyuki, nzi na wadudu wengine, na yako yanayotumia upepo. Maua yanayotegemea wadudu kwa kawaida huwa na rangi na harufu ya kuwavuta, na unga wake ni mzito na wa kunata. Maua yanayotegemea upepo aghalabu hayana uzuri wala harufu, lakini hutoa unga mwingi sana, mkavu na mwepesi, usafirio mbali. Hawa wa pili ndio waletao mzio wa pua zaidi. Basi mti unaonukia sana siyo lazima uwe ndio wenye kosa, na ule ambao hata hukujua kwamba unatoa maua huenda ndio wenye kukusumbua.

Tuanze na mkarafuu wenyewe. Karafuu njema huchumwa ingali tumba, kabla ya kofia yake kufunguka na kabla ya unga kutoka. Na hata ua likifunguka, ni ua la kunukia linalotembelewa na wadudu. Hivyo mchumaji apigaye chafya juu ya mkarafuu, mara nyingi si unga wa ua la mkarafuu unaomsumbua.

Mvinje ni habari nyingine. Maua yake ya kiume hutoka kwenye ncha za vijiti vyake vyembamba, yana rangi ya hudhurungi, na wengi hawajui kwamba ni maua. Mti huu hutegemea upepo. Katika jimbo la Florida, huko Marekani, ambako mvinje ulipelekwa na watu ukaenea, madaktari wamethibitisha kwamba unga wake huwaletea baadhi ya watu mzio. Hapa kwetu mivinje imesimama pwani na kandokando ya mashamba mengi, kuukinga upepo wa bahari na kutoa boriti za kujengea.

Mnazi hutumia wadudu na upepo pia, na unga wake umejulikana huko India kuwa huleta mzio. Kadhalika mchikichi. Tena tusiyasahau majani, ijapokuwa si miti. Ukoka unajulikana katika nchi nyingi za joto kuwa ni adui mkubwa wa wenye mzio. Mtu afyekaye majani yaliyochanua chini ya mikarafuu ili kutayarisha uchumaji, aweza kupiga chafya siku nzima akasema ni karafuu, kumbe ni yale aliyoyakata.

Mwembe una unga mzito uchukuliwao na nzi na wadudu wengine, lakini utomvu wake ni mkali. Mtu aliyeangua maembe akatokwa na vipele mdomoni na mikononi, huo si mzio wa unga wa maua bali ni ngozi kuudhiwa na utomvu. Mkorosho nao ni wa ukoo huo huo.

KOSA LA KULAUMU KISICHOSTAHILI

Msidhani kwamba ni sisi peke yetu tunaolaumu kisichostahili. Mwaka 1819 daktari mmoja wa London, John Bostock, alieleza mbele ya madaktari wenziwe maradhi yake mwenyewe: kila mwaka, majira ya joto yakifika, macho yalimwasha, pua ikamtiririka na kifua kikambana. Watu wengi walisema ni majani makavu. Yeye aliona ni jua na joto. Ikapita zaidi ya miaka 50 kabla ya jambo hilo kufunuliwa. Mwaka 1873 Charles Blackley, daktari wa Manchester aliyekuwa na maradhi hayo hayo, alitoa kitabu cha majaribio yake. Alitia unga wa maua puani mwake akaona maradhi yanakuja hata wakati usio wake. Alitega vipande vya kioo vilivyopakwa kitu cha kunata ili kuuhesabu unga uliomo hewani, na akarusha vioo vyake kwa tiara, akaona unga huo umo hata juu sana angani.

Alilolifanya Blackley hasa ni kuacha kudhani na kuanza kuandika. Na hilo hata sisi tusio madaktari twaliweza.

JINSI YA KUTAMBUA

Tumepanga hapa dalili za mambo manne yanayofanana, ili kila mtu ajipime.

Mafua ya kawaida: huja na homa au kuumwa na mwili na koo. Kamasi huanza kama maji kisha likawa zito. Hukaa siku 7 hadi 10, na aghalabu mtu mwingine nyumbani huyapata.

Mzio wa unga wa maua: hapana homa. Chafya huja mfululizo, pua hutoka maji meupe, na alama kubwa ni mwasho wa pua, macho na kaakaa. Hukaa majuma mengi, hurudi karibu wakati ule ule kila mwaka, huzidi siku kavu yenye upepo, na mara nyingi hupungua baada ya mvua ya kutosha kuisafisha hewa.

Vumbi la karafuu: hushika wakati wa kuchambua, kupepeta au kutia magunia, na hupungua ukiondoka. Pua na koo huungua zaidi kuliko kuwasha. Mafuta ya karafuu yana kitu kikali kiitwacho eujenoli, ambacho kwa baadhi ya watu huleta pia ukurutu wa vidole na viganja.

Vumbi la nyumbani: chafya huwa za alfajiri mtu anapoamka, mwaka mzima, bila ya kujali msimu. Hapo angalia godoro na mito, hasa ya sufi ya zamani, kwa kuwa humo huishi vidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo uchafu wake huleta mzio. Mende nao huleta tabu hiyo hiyo.

Mtu aweza kuwa na mawili kwa pamoja. Basi twashauri kila mwenye tabu hii anunue daftari la shule, na kila jioni aandike mambo matano: tarehe, upepo ulikuwa wa wapi na kama mvua ilinyesha, alifanya kazi gani na wapi, mti au majani gani yaliyo karibu yalikuwa katika maua, na alivyojisikia, kwa alama kuanzia 0, yaani hapana tabu, mpaka 3, yaani hakuweza kazi. Akifuatisha misimu miwili ataona mwenyewe. Na akimpelekea daktari daftari hilo, litamfaa daktari kuliko maneno mengi. Palipo na vifaa, daktari aweza kuhakikisha kwa kuchoma ngozi kidogo kwa tone la dawa ya kupimia.

KUJIKINGA BILA YA GHARAMA

Kwanza, usianike shuka, kanga na mito karibu na mvinje uliochanua au majani yaliyochanua. Nguo iliyoanikwa hushika unga, nawe ukalala nao usiku kucha.

Pili, ukirudi shamba, koga, osha nywele, na ubadili nguo kabla ya kupanda kitandani. Nguo za shamba zikae nje ya chumba cha kulala.

Tatu, safisha pua. Kupandisha maji puani wakati wa udhu, jambo tufanyalo kila siku, huondoa sehemu ya unga. Mwenye tabu kubwa aweza kuosha pua mara moja au mbili kwa siku kwa maji ya chumvi: nusu ya kijiko cha chai cha chumvi safi katika bilauri moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Usitumie maji mabichi ya kisima kwa kumimina ndani sana ya pua.

Nne, macho yakiwasha usiyasugue. Yaoshe kwa maji safi ya baridi, au uweke juu yake kitambaa chenye maji.

Tano, mwenye mzio wa majani asifyeke yeye, ila afanye kazi nyingine. Ikiwa hapana budi, afyeke kabla majani hayajachanua, na ajifunge barakoa. Wachambuao na wapepetao karafuu wakae upande unakotoka upepo, ili vumbi liende mbele yao, nao wajifunge vile vile.

Sita, msitie mafuta ya karafuu puani wala machoni. Yanafaa mengi, lakini huunguza. Na moshi wa makonyo ndani ya nyumba humzidishia tabu mwenye kifua.

DAWA, NA HATARI YA KUPANDA MTI

Vidonge vya kuzuia histamini ni vya namna mbili. Vya zamani, kama klorofenamini ambayo wengi huijua kwa jina la Piriton, na promethazini, hutuliza chafya lakini hulevya kwa usingizi. Usingizi huo waweza kubaki mpaka asubuhi ya pili, hata mtu mwenyewe akadhani yu macho. Dawa nyingi za maji za mafua na kikohozi zimo ndani yake dawa za namna hii, kwa hiyo someni karatasi yake au muulizeni muuzaji. Vipya, kama loratadini na setirizini, havilevyi sana, ijapokuwa setirizini huwaletea baadhi ya watu usingizi.

Basi twasema wazi: aliyemeza kidonge cha namna ya zamani usiku au asubuhi asipande mkarafuu siku ile, na asiendeshe chombo. Na anayejaribu kidonge cha namna mpya kwa mara ya kwanza, akijaribu jioni ambayo kesho yake hana kazi ya kupanda. Mwenye shamba na msimamizi wa wachumaji waulize kila asubuhi kabla ya kamba kufungwa: nani amemeza dawa? Wala anayejibu kweli asikatwe ujira wake wala asichekwe, ila apewe kazi ya chini. Mkichekana, kesho hapana atakayesema kweli, na mtu aangukaye kutoka futi 40 hapewi nafasi ya kujifunza.

Kwa tabu ya majuma mengi, dawa ya kupuliza puani yenye steroidi kwa kawaida hufaa zaidi kuliko vidonge. Lakini haifanyi kazi kwa siku moja. Hutumiwa kila siku kwa agizo la daktari, na anayejua msimu wake hufanya vyema kuanza mapema, kama majuma mawili kabla. Hapo ndipo utaona faida ya daftari.

Matone ya kuzibua pua yasitumiwe zaidi ya siku 3 hadi 5, kwani yakizidi pua huziba kuliko mwanzo. Dawa za kuua vijidudu, zile ambazo wengi hununua kwa kila mafua, hazisaidii mzio hata kidogo. Na sindano au vidonge vya steroidi visitumiwe bila ya daktari.

MZIO UKISHUKA KIFUANI

Mzio wa pua na pumu ni ndugu, na mara nyingi hukaa nyumba moja. Dalili za pumu ni kifua kubana, kukohoa usiku au alfajiri, na pumzi kutoa sauti kama filimbi. Mtoto akohoaye kila usiku, au anayeshindwa kukimbia na wenzake, asiambiwe kuwa ni mvivu. Apelekwe hospitali.

Pumu ina dawa mbili za kuvuta. Moja hufungua kifua wakati wa dhiki, nayo ni salbutamoli, ambayo kopo lake aghalabu ni la buluu. Ya pili hutumiwa kila siku kuizuia dhiki isije. Wengi hushika ya kwanza wakaiacha ya pili kwa kuwa hawaoni faida yake papo hapo, na hilo ni kosa la hatari. Ukijiona wahitaji ya buluu zaidi ya mara mbili kwa juma, rudi kwa daktari. Na mwenye kifua kilichobana asipande mti hata kama hakumeza kidonge.

Haya yakionekana, msingoje asubuhi: mtu hawezi kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, ngozi ya katikati ya mbavu yaingia ndani akivuta pumzi, midomo yageuka buluu au kijivu, au dawa ya buluu haikumpa nafuu. Mkalisheni wima, avute dawa yake kama alivyoagizwa, na mpelekeni hospitali mara moja. Mficha maradhi kilio humfichua.

JE, TUKATE MIVINJE?

Wako waliokwisha kuuliza. Jibu letu ni hapana, lakini lipo funzo la wapandaji wa Japani. Baada ya vita vilivyokwisha 1945, Wajapani walipanda kwa wingi sana mti wa mbao uitwao sugi, ambao maua yake hutegemea upepo. Mwaka 1964 madaktari wao walitangaza mzio wa unga wake katika mji wa Nikko. Kadiri miti ilivyokomaa ndivyo maradhi yalivyoenea. Uchunguzi wa mwaka 2019, uliofanywa kwa madaktari wa pua na masikio na jamaa zao, ulionyesha karibu watu 4 katika kila 10 wana mzio huo. Mwaka 2023 serikali yao iliweka mpango wa kupunguza misitu ya sugi kwa sehemu moja katika tano ndani ya miaka 10, na kupanda mingine isiyo na unga mwingi.

Hawakukosea kupanda miti. Tabu ilitokana na kupanda mti wa namna moja kila mahali. Kwa hiyo mwanachama anayepanda kinga ya upepo na achanganye mivinje na miti mingine, wala asiipange mbele ya madirisha ya kulala wala karibu na mahali pa kuanikia. Mivinje iliyopo iacheni ifanye kazi yake, ya kuikinga mikarafuu yenu.

Mwanachama atakayeandika daftari lake msimu ujao, na akapenda kutuonyesha, alilete ofisini siku yoyote ya kazi. Tukipata madaftari ya kutosha kutoka sehemu mbalimbali za kisiwa, tutayapanga pamoja na kuchapa katika kurasa hizi ni mwezi gani mti gani huchanua na wapi, ili kila mwenye mzio ajue siku zake kabla hazijafika.

Wasalaam,
Katibu wa Chama